Ukakasi wa Gome: Mkomafi wa Delta ya Rufiji, kutoka Viwanda vya Ngozi hadi Maabara

Mkomafi ni mti wa mikokoni unaotambulika kwa gome. Gome lake ni laini, lina rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijani na manjano, na hubanduka vipande vipande kama la mpera. Mizizi hutambaa juu ya tope ikijipinda, imesimama kwa ukingo kama utepe uliotegwa wima. Tunda, liitwalo komafi, huweza kufikia ukubwa wa kichwa cha mtoto. Ndani yake mna mbegu zenye pembe, zimeshikana barabara kiasi kwamba mtu akizitoa hupata taabu kuzirudisha zilivyokuwa. Tunda likianguka hupasuka, mbegu huelea na maji kupwa na kujaa, hadi zinaswe na tope na kuota. Jamaa yake wa karibu, mkomafi dume, hutofautishwa na gome la kukwaruza lenye mipasuko. Katika elimu ya mimea mkomafi huitwa Xylocarpus granatum, na umo katika familia moja na mwarobaini na mkangazi.

Mti huu humea pamoja na mkoko wenyewe, mkandaa, msinzi, mchu, mlilana na msikundazi katika delta ya mto Rufiji, ambayo sehemu yake kubwa leo imo katika Wilaya ya Kibiti, mkoani Pwani. Kabla ya kufika Bahari ya Hindi, mkabala na kisiwa cha Mafia, mto hugawanyika katika mikono mingi, miongoni mwayo Simba Uranga, Kikunya na Msala. Kati ya mikono hiyo imeenea hekta zipatazo 53,000 za mikoko, karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara. Wakazi wake wa asili, Wanyagatwa na Warufiji, wamekuwa wakivua, wakilima mpunga na kukata miti humo kwa vizazi vingi.

Historia ya gome la delta imefungamana na sifa moja ambayo Kiswahili kina neno lake: ukakasi. Ndio ule mkazo unaoupata ulimi mtu anapoonja ndizi mbichi au bibo la mkorosho. Mate huwa na protini zinazoulainisha mdomo. Kitu chenye ukakasi huzikamata protini hizo, zikagandana, na ulimi ukakosa utelezi. Wakemia huziita dutu zinazofanya kazi hiyo tanini. Gome la mkoko lililokauka huweza kuwa na tanini hadi theluthi ya uzito wake au zaidi, na la mkomafi nalo limejaa tanini. Uwezo huo wa kukamata protini ndio uliolipa gome kazi katika chungu cha dawa na thamani katika viwanda vya ngozi. Katika karne ya 20, uwezo huohuo ukawa kikwazo kwa waliotafuta ndani ya gome dawa za magonjwa makubwa, saratani ikiwemo.

Gome la nyumbani

Matumizi ya kwanza yalikuwa ya nyumbani. Gome la mkandaa na la mkoko lilipondwa na kuchemshwa hadi maji yakawa mekundu ya kukoza, kisha nyuzi na nyavu zikatumbukizwa humo. Rangi haikuwa urembo tu. Tanini huzuia vijidudu vinavyoozesha nyuzi za mimea, kwa hiyo wavu uliotiwa gome ulidumu majini kuliko wavu mtupu.

Gome la mkomafi lilichemshwa zaidi kwa ajili ya tumbo. Maji yake yamekuwa dawa ya kuhara na ya msokoto wa tumbo katika pwani nyingi za Bahari ya Hindi, kutoka Afrika Mashariki hadi Bangladesh na Indonesia. Sababu iko katika ukakasi uleule. Tanini zikifika utumboni hukaza protini za utando wa juu, maji yanayovuja kuingia utumboni hupungua, na baadhi ya vimeng'enya vya bakteria hulemazwa. Vimeng'enya ni protini zinazoharakisha kazi za kikemia ndani ya kiumbe hai. Dutu inayovipunguzia kasi au kuvisimamisha huitwa kizuizi cha kimeng'enya. Kwa maana hiyo, chungu cha gome la mkomafi kilikuwa na vizuizi vya vimeng'enya karne nyingi kabla ya neno hilo kuwapo. Vilikuwa, hata hivyo, vizuizi visivyochagua: tanini hukamata karibu kila protini iliyo mbele yake.

Boriti kwanza, gome baadaye

Kwa walimwengu wa mbali, delta ilijulikana kwanza kwa miti yake, si kwa magome. Nchi za Ghuba zina uhaba wa mbao za kujengea, na katika karne ya 10 mwanajiografia al-Istakhri aliandika kwamba nyumba za Siraf, bandari ya Uajemi, zilijengwa kwa mbao zilizotoka nchi ya Zanji, yaani pwani ya Afrika Mashariki. Biashara hiyo haikukatika. Majahazi yalishuka na kaskazi, yakapakia boriti katika mikono ya delta, na kurejea na kusi. Miti ilihesabiwa kwa korja, yaani mafungu ya ishirini, na kupangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo.

Mkoko na mkandaa ndiyo iliyotakiwa zaidi, kwa kuwa hunyooka na kuhimili mchwa. Upana wa vyumba vya nyumba za kale za mawe pwani ulifuata urefu ambao boriti huweza kubeba dari bila kupinda. Mkomafi haukufaa kazi hiyo, maana shina lake hujipinda na mara nyingi huwa na uwazi katikati. Ubao wake mwekundu ulikwenda kwa maseremala wa samani na wa vyombo vya baharini. Katika biashara ya boriti gome lilikuwa kitu cha pembeni.

Mahitaji ya viwanda vya Ujerumani

Hali ilibadilika mwishoni mwa karne ya 19. Viwanda vya Ulaya vilihitaji ngozi kwa viatu, hatamu na mikanda ya kuzungushia mitambo. Kudabaghi ngozi ni kuilowesha katika maji ya tanini: tanini huingia katikati ya nyuzi za kolajeni, protini kuu ya ngozi, zikazifunga zisioze wala zisikakamae. Magome ya mwaloni wa Ulaya hayakutosheleza, na wafanyabiashara wakageukia nchi za joto.

Katika koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki, ambamo delta ilikuwamo, amri ya ardhi ya mwaka 1895 iliifanya ardhi iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe kuwa mali ya dola ya Kijerumani. Mwaka 1898 utawala wa kikoloni ulianzisha usimamizi wa misitu katika delta ya Rufiji, miongoni mwa ya mwanzo katika koloni zima, na Salale ikawa makao yake. Mikoko, ambayo mwenyeji aliikata kwa haja yake, sasa ilikatwa kwa kibali na kwa malipo. Boriti ziliendelea kuuzwa kwa wenye majahazi, lakini gome lilikuwa na soko katika bandari ya Hamburg.

Kazi yenyewe ilikuwa nzito. Mti ulikatwa, gome likapigwa na kubanduliwa lingali bichi, kwa kuwa likikauka hung'ang'ania shina. Vipande vilianikwa, na ilibidi vikingwe mvua, kwa sababu tanini huyeyuka na kuchuruzika na maji. Gome lililonyeshewa hubaki makapi. Baada ya kukauka lilifungwa mizigo, likashushwa kwa mitumbwi na mashua hadi mahali ambapo meli zingeweza kutia nanga.

Gome la delta lilikuwa na kasoro sokoni. Ngozi iliyodabaghiwa kwa gome la mikoko peke yake hutoka nyekundu na ngumu, na wanunuzi wa Ulaya hawakuipenda rangi hiyo. Viwanda vililazimika kulichanganya na tanini nyingine. Wakati huohuo lilishindana na kebracho, mti wa Ajentina na Paragwai wenye tanini nyingi.

Vita vilikatiza biashara hiyo. Vita vya Kwanza vya Dunia vilianza Agosti 1914, na Waingereza wakaifunga pwani kwa manowari zao. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika delta, ikagunduliwa karibu na Salale mwezi Oktoba, na baada ya miezi mingi ya kuzingirwa ikazamishwa na mabaharia wake tarehe 11 Julai 1915. Mikoko iliyokuwa bidhaa ikawa maficho: matawi yake yalifungwa kwenye milingoti ili meli isionekane kwa mbali.

Gome lapoteza soko

Baada ya vita, utawala wa Waingereza uliitangaza mikoko ya Tanganyika kuwa hifadhi za misitu kati ya 1928 na 1932, ukaendelea kutoza ada kwa boriti na gome. Mwanzoni mwa 1939 baharia na mwandishi wa Australia, Alan Villiers, aliingia katika delta akiwa ndani ya jahazi la Kuwait lililokuja kupakia boriti. Kitabu alichochapisha mwaka uliofuata kinawaonesha mabaharia wakikata na kubeba miti katikati ya tope na mbu, kazi iliyofanana sana na ile ya karne zilizotangulia.

Gome halikuwa na uhai mrefu kama huo. Miwati, miti ya asili ya Australia ambayo gome lake hutoa tanini ya rangi hafifu zaidi, ilikuwa imeenea Afrika Kusini na Kenya. Mwaka 1949 mashamba makubwa ya miwati yalianzishwa Njombe, na Tanganyika ikapata tanini ya nchi kavu isiyohitaji mtumbwi wala kusubiri bamvua. Viwanda vingi vya ngozi, kwa upande wao, vilihamia kwenye chumvi za kromi, zinazomaliza kwa siku kazi ambayo tanini huifanya kwa wiki nyingi. Gome la delta likarudi lilikotoka: kwenye vyungu vya rangi na dawa.

Wakemia na gome

Wakati soko la ngozi likififia, wakemia walianza kuitazama familia ya mwarobaini kwa sababu nyingine. Mimea yake hutengeneza dutu chungu ziitwazo limonoidi, ambazo huikinga dhidi ya wadudu. Mwaka 1960, katika uchunguzi wa mbao za Afrika Magharibi uliohusisha chuo kikuu cha Ibadan, Nigeria, ulielezwa muundo wa limonoidi mojawapo, gedunini, iliyopewa jina kutokana na mti uitwao gedu nohor. Mwaka 1970 Okorie na Taylor walichapisha uchunguzi wa limonoidi za mkomafi. Gedunini nayo hupatikana ndani ya mkomafi.

Afrika Mashariki nayo ilishiriki. Katika miaka ya 1970 kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu jijini Nairobi, ICIPE, kilikuwa na mkemia Mjapani Koji Nakanishi miongoni mwa waongozaji wake wa utafiti. Mwaka 1976 yeye na wenzake, akiwemo Isao Kubo, walieleza muundo wa zailomolini, dutu kutoka matunda mabichi ya miti ya jamii ya mkomafi ya Afrika Mashariki, ambayo huwafanya viwavijeshi wasusie chakula.

Katika kutafuta dawa ndani ya gome, ukakasi uligeuka kikwazo. Mtafiti akichukua maji ya gome na kuyatia juu ya kimeng'enya chochote, kimeng'enya husimama. Matokeo hayo hayamfunzi kitu, kwa maana tanini zingesimamisha vimeng'enya vingine kumi vilevile. Dawa huhitaji kizuizi kinachochagua, chenye umbo linaloingia mahali pamoja katika kimeng'enya kimoja, kama ufunguo katika kufuli lake. Kwa hiyo hatua ya mwanzo katika maabara nyingi ni kuziondoa tanini: dondoo hupitishwa juu ya unga wa poliamidi au huchanganywa na jelatini, tanini hunasa humo kama zilivyokuwa zikinasa katika ngozi ya ng'ombe, na kinachobaki ndicho hupimwa. Kilicholeta meli za Hamburg sasa hutupwa kwanza.

Kutoka seli hadi panya

Gedunini ilipata umaarufu mpya mwaka 2006. Watafiti wa Marekani walilinganisha kwa kompyuta mabadiliko ambayo dawa mbalimbali husababisha katika jeni za seli, wakaona kuwa gedunini hufanana na vizuizi vya Hsp90. Hsp90 ni kimeng'enya kinachovunja ATP, dutu inayobeba nishati ya seli, ili kusaidia protini nyingine zikunjike katika umbo lake sahihi. Seli za saratani huitegemea kuliko seli za kawaida, kwa kuwa protini zake nyingi zina kasoro na zingeporomoka bila msaada huo. Mwaka 2013 ilioneshwa kuwa gedunini haiingii katika kitundu cha ATP, bali huilemaza protini saidizi iitwayo p23.

Kuhusu saratani ya utumbo mpana, watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2007, wengi wao wakitoka Khulna, Bangladesh, mji ulio karibu na mikoko ya Sundarbans, waliitenga gedunini kutoka mkomafi na kuijaribu juu ya seli za CaCo-2. Hizo ni seli zilizotokana na uvimbe wa utumbo mpana wa mgonjwa mmoja na kuendelezwa katika vyombo vya kioo tangu miaka ya 1970. Ukuaji wake ulizuiwa. Hata hivyo, seli katika kioo hazina ini la kuivunja dawa, hazina damu wala matumbo. Ndiyo maana hatua inayofuata ni panya.

Namna ya kuwapima panya kwa ajili ya ugonjwa huu nayo ina mzizi katika mimea ya pwani. Mtapo, unaomea katika pwani ya Tanzania na Kenya, ulikuwa chakula cha njaa: mbegu zake zilikatwakatwa, zikaanikwa na kulowekwa siku nyingi, maji yakibadilishwa, ili sumu itoke. Mwaka 1963 ilithibitishwa kuwa sumu ya miti ya jamii hiyo, sikasini, husababisha uvimbe kwa panya wakubwa, ukiwemo wa utumbo mpana. Panya waliolelewa bila bakteria yoyote hawakudhurika, kwa sababu ni kimeng'enya cha bakteria wa utumboni kinachoifungua sikasini ikawa sumu kamili. Kutokana na ujuzi huo zikapatikana kemikali za jamii yake, mojawapo dimethilihidrazini, ambazo panya akidungwa mara kwa mara kwa wiki nyingi hupata uvimbe unaofanana na wa binadamu.

Mfano uliokamilika wa jaribio la namna hiyo ni wa soya. Mwaka 1946 Donald Bowman alieleza kizuizi cha tripsini, kimeng'enya cha kusaga protini, kilichomo katika maharage hayo. Katika miaka ya 1960 Yehudith Birk alikisafisha na kukichambua. Ni protini ndogo yenye viungo 71, iliyofungwa kwa madaraja saba ya salfa, hivyo haivunjiki kirahisi kwa moto wala tumboni. Vizuizi vya ukoo huo vimo pia katika kunde, zao linalolimwa sana katika bonde la Rufiji. Mwaka 1985 na tena 1990 kundi la mtafiti wa Marekani Ann Kennedy lilichapisha matokeo ya panya waliodungwa dimethilihidrazini huku wengine wakilishwa chakula chenye kizuizi hicho. Waliolishwa walipata uvimbe mchache wa utumbo mpana kuliko wenzao.

Mwaka 1992 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu majaribio kwa binadamu. Yale ya mwanzo, juu ya madoa meupe ya kinywani yanayoweza kugeuka saratani, yaliashiria mafanikio. Lakini jaribio kubwa zaidi lililochapishwa mwaka 2013 halikuona tofauti kati ya waliopewa kizuizi na waliopewa kidonge kisicho na dawa. Njia kutoka panya hadi mgonjwa ni ndefu, na dutu nyingi huishia katikati. Gedunini ya mkomafi haijawa dawa iliyosajiliwa ya saratani.

Gome na sheria za leo

Nchini Tanzania uchunguzi wa dawa za asili ulipata makao mwaka 1974, kilipoanzishwa kitengo cha tiba asili huko Muhimbili, Dar es Salaam, ambacho baadaye kikawa taasisi kamili. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ilitungwa mwaka 2002. Wagonjwa wa saratani kutoka Kibiti na kwingineko hupelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iliyomo katika hospitali ambayo Wajerumani waliijenga miaka ya 1890, wakati uleule gome la Rufiji lilipoanza kutazamwa kama bidhaa. Huko upasuaji, mionzi na dawa zilizothibitishwa ndizo tiba ya saratani ya utumbo mpana. Ukakasi wa gome unaweza kutuliza kuhara, lakini kuhara kusikokwisha au damu katika choo ni dalili za kupimwa.

Msitu wenyewe umepita katika amri kadhaa. Mwaka 1987 serikali ilipiga marufuku ukataji wa mikoko. Mwaka 1991 ulitolewa mpango wa kusimamia mikoko ya Tanzania Bara, uliotayarishwa chini ya Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi wa kufuga kamba katika maelfu ya hekta za delta ulipingwa na wanavijiji wengi, na haukutekelezwa. Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Katika mikoko iliyobaki, mkomafi una udhaifu ambao mti wa boriti hauna. Mkandaa hukatwa mara moja, ukahesabiwa, na ukaonekana umekatwa. Mkomafi unaweza kuuawa ukiwa umesimama: gome likibanduliwa kuuzunguka mti mzima, chakula kinachoshuka kutoka majanini hukatika, mizizi hudhoofika, na baada ya muda mti hukauka. Anayebandua kipande kidogo upande mmoja huacha jeraha ambalo mti unaweza kuliziba.